Akiba Haiozi

"Akiba haiozi," alinifunza mama
akifunga kunde za mbegu kwenye kitambaa.
Hakupata kufungua ghala la Mtongwe
alfajiri ya Machi,
joto limelala humo usiku kucha
na kuta zinatoka jasho kama mshitakiwa.

Mimi ni karani. Nina funguo mbili, kipimajoto,
daftari la jalada gumu, na kalamu iliyofungwa kwa uzi,
maana kalamu huibwa hata penye baruti.
Naandika: nyuzi thelathini na moja.
Naandika: kreti arubaini na sita, muda wake umekwisha Desemba.
Baruti ina umri, mama.
Huchacha kimyakimya, kama tui.

Mwezi jana iliingia Kilindini manowari ya kigeni,
rangi ya majivu, kutu ikichuruzika ubavuni.
Walitaka maji, vitunguu,
na pete moja ya chuma, ya pampu iliyopasuka.
Nikatumwa nikaandike vipimo.
Luteni wao, kijana mwenye macho ya kukesha,
akanipitisha sitahani penye mirija ya makombora:
vifuniko vimeungua, ndani giza.
"Yamebaki mangapi?"
Akainua vidole vinne, akavitazama mwenyewe.

Kule walikotoka, alisema, huja usiku
vidude vya mbao na plastiki, vyenye injini ya pikipiki,
vikinguruma kama bodaboda anayetafuta abiria Magongo.
Kimoja ni bei ya Probox iliyochoka.
Kombora la kukidungua
ni bei ya zahanati, na wodi ya wazazi, na lami ya kufikia.
Usiporusha, kinawaangukia mabaharia waliolala.
Ukirusha, umepona,
na umepungukiwa.
Adui hana haja ya kulenga vizuri. Anajua kuhesabu.

"Na kiwandani watawaletea mengine lini?"
Akacheka bila meno kuonekana.
"Miaka miwili. Labda mitatu."

Nikaipeleka pete Shimanzi, karakana ya Hasmukh,
kwenye mashine ya kukereza aliyoiacha babake.
Akaigeuza mkononi, akaguna.
"Chuma ninacho. Mashine ninayo. Kalume hayupo."
Kalume ndiye aliyekata hesi nyembamba kwa sikio,
akisikiliza chuma kinavyolia.
Yuko Doha, anafunga viyoyozi.
Kijana aliyebaki ana miezi minne kazini
na bado anazikwepa cheche.
"Siku tisa," akasema Hasmukh.
Pete moja. Siku tisa.
Nikawaza: huenda na huko kwao, kwenye viwanda vya kung'aa,
kuna Kalume wao aliyestaafishwa mapema,
na mashine iliyofunikwa turubai
siku walipoambiwa amani imefika, uzeni vyuma chakavu.
Chuma hununuliwa.
Mkono hungojewa.

Nyumbani, Nyamvula anapanga mitungi ya maji.
Bomba letu hutoa Jumanne na Ijumaa, likipenda.
Mitungi kumi na mmoja, na kila uliotumika
ana mstari wake wa chaki ukutani.
Majirani wakiwa na arusi huja kuazima,
naye hutoa mitatu, hatoi wa nne,
hata wakimwita bahili mbele ya mlango wake.
Nikamweleza habari za manowari.
Hakushangaa.
"Kwani hawakuwa na chaki?"

Mejumaa, mwanetu, akaacha kutafuna.
"Na kikija huku, baba? Kile cha pikipiki?"
Nikamwambia ale, wali unapoa.
Usiku nikasikia boda ikipanda kilima cha kivukoni,
nikakaa kitandani mpaka ilipozima.

Siku ya saba manowari iling'oa nanga.
Siku ya tisa Hasmukh alinipigia simu: pete tayari,
safi, imekaa sawasawa na kipimo.
Ninayo ghalani, rafu ya chini.
Nimeiandika daftarini: pete, moja, mwenyewe hayupo.
Kila Ijumaa naipaka grisi,
hewa ya hapa hula chuma.
Nyuzi thelathini na mbili leo.
Kreti arubaini na sita, bado.